Ng'ombe wa Ghorofa ya Tisa

Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, Ildephonse alikuwa akisimama mbele ya rafu iliyokuwa chumbani kwake, ghorofa ya tisa, South Beach, Durban, na kuwasifu nyoka wake kama watu wa kwao wanavyosifu ng'ombe. Alivuta masanduku ya plastiki moja baada ya jingine, kama mtu anayevuta droo za kabati, akachungulia, akataja jina. Gaju, jike la kahawia iliyoiva. Bihogo, mwenye wekundu wa tofali. Bugondo, mwenye madoa. Hayo yote ni majina ya ng'ombe, na Mrundi yeyote angeyasikia angecheka au angelia, ikitegemea amekaa ugenini miaka mingapi. Wenyewe walikuwa chatu, wale wadogo wa Afrika Magharibi wanaojiviringa kama mpira wakiogopa, wapole kupita kiasi, ambao Durban watu huwafuga majumbani kama wengine wanavyofuga paka.

Aurélie, mkewe, alikuwa akimsikia toka jikoni.

"Ildephonse, umenioa mwaka wa kumi na mbili huu," alimwambia siku moja. "Mimi hujanisifu hata siku moja vile unasifu hiyo nyoka."

"Wewe huna pembe."

"Kwani yeye iko nazo?"

Kweli, Gaju hakuwa na pembe. Hakuwa na kwato wala kiwele, wala hakuacha mavi ya kuwashia moto, na hicho ndicho kilichokuwa kidonda cha Ildephonse. Baba yake, Mzee Nahimana, aliishi Rutovu, katika vilima vya Bururi, ambako mtu asiye na ng'ombe husalimiwa harakaharaka. Zamani alikuwa nao kumi na wanne. Vita vikaja, ng'ombe wakaenda, na tangu wakati huo zizi lake lilikuwa likiota magugu tu. Sasa alikuwa na miaka themanini na sita. Katika simu za kila Jumapili hakuomba dawa, hakuomba blanketi, hakuomba hata koti. Aliomba kitu kimoja.

"Mwanangu, nataka ng'ombe alale tena katika zizi langu kabla sijafa. Mmoja tu. Nimsikie akicheua."

Ildephonse alilitaka jambo hilo kuliko mzee mwenyewe. Alikuwa mchungaji wa wale kumi na wanne mpaka alipofika darasa la sita, na mpaka leo, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, fundi wa simu katika kibanda cha mtaa wa Point, bado aliweza kufumba macho na kusikia harufu ya moshi wa zizi jioni. Alitamani nyumbani kwa namna ya kuaibisha, kama mtoto wa bweni. Lakini karatasi zake zilikuwa za ukimbizi, na mkimbizi akirudi alikokimbia, hata kwa wiki moja, karatasi hizo zimekwisha kazi. Kwa hiyo alikaa. Miaka kumi na tisa alikaa. Kama yeye hawezi kwenda, basi ng'ombe aende badala yake, ndivyo alivyojiambia.

Na ng'ombe huyo angetoka katika nyoka.

Nyoka wenyewe aliwapata kwa Cathy, mama mmoja wa Westville, mtaa wa wenye nafasi, ambaye Ildephonse alikuwa akimkatia majani kila Jumamosi. Siku ya kwanza Cathy alimwonya asiingie chumba cha nyuma, kwa kuwa kuna nyoka. Ildephonse akauliza kama wamekwisha kula. Mtunza bustani wa kabla yake alikuwa ametimua mbio akaacha hata viatu, sasa huyu anauliza habari za chakula! Cathy akamfungulia mlango. Miaka minne Ildephonse alikata majani nusu siku, na nusu iliyobaki alisafisha masanduku, akajifunza kupima joto, kupima uzito wa jike, kujua lini yuko tayari kupandwa. Jike anahitaji miaka mitatu kukomaa. Mayai sita au saba kwa mwaka, yanakaa siku sitini katika joto lisilopanda wala kushuka. Kazi ya kungoja, na Ildephonse kungoja alikujua.

Cathy alipohamia kwa binti yake New Zealand, hakuweza kuwachukua. Akampa Ildephonse Gaju, na dume moja la njano lenye madoadoa meusi kama ndizi iliyoiva. Sokoni rangi hiyo iliitwa hivyo hivyo, Ndizi. Cathy akamweleza jambo moja ambalo lilimfanya asilale: kuna madume ya Ndizi ambayo watoto wao wa njano karibu wote huwa majike, na hili lilikuwa mojawapo. Hebu mwambie mtu wa Bururi kwamba amepewa fahali anayezaa mitamba mitupu, ndama majike tu, uone kama atalala.

Uzazi wa kwanza ulileta watoto saba, wanne wa njano, wote majike. Ildephonse akamuuza mmoja kwa randi elfu nane. Mnunuzi alikuja na gari la kifahari, akamchukua yule kijoka asiyefika urefu wa penseli mbili, akashukuru. Pesa zile zingetosha ng'ombe pale pale, ng'ombe mzuri, mwenye ndama ubavuni. Lakini kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa, na Aurélie, aliyekuwa msusi, alikuwa anataka mashine yake ya kukaushia nywele ili aache kuazima saluni kwa watu. Tena, tuseme ukweli, Ildephonse aliingiwa na tamaa, si ya pesa, ya ng'ombe. Akajiambia kwamba mwaka ujao hatapeleka mmoja, atapeleka watano, zizi lijae, mzee asikie kwato nyingi kwa pamoja.

Ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa Westville asingelifanya hata ungemlipa.

Kwa kina Ildephonse, mtu hawi na ng'ombe kwa kuwafungia. Unampa rafiki mtamba. Rafiki anakunywa maziwa, anapata mbolea, na mtamba wa kwanza atakayezaliwa anamrudisha kwako, na kuanzia hapo ninyi ni watu wa nyumba moja. Mzee Nahimana, katika siku zake, alikuwa na kumi na wanne zizini na tisa wengine vilimani kwa watu. Wale tisa ndio aliokuwa akiwataja akijivuna. Sasa Ildephonse alikuwa na chumba kimoja, rafu moja ya droo sita, na umeme wa kununua. Angewafuga wapi majike watatu wa njano, na watakaofuata? Akawaza kama baba yake alivyowaza: watakua kwa watu. Kundi litakuwa kubwa bila yeye kuongeza hata sanduku.

Wa kwanza kupewa alikuwa Salvator, Mrundi mwenzake, muuzaji wa vifuniko vya simu, ambaye aliogopa nyoka mpaka siku alipoambiwa bei yake. Ildephonse hakumkabidhi hivi hivi. Alimwita nyumbani, akavaa koti, akamtoa yule mtoto katika foronya nyeupe, maana nyoka husafirishwa katika foronya, akasema maneno yote yanayosemwa mtu anapopewa ng'ombe. Salvator akaruka juu, akapiga kelele kama wazee wanavyopiga, "Ildephonse kanipa ng'ombe! Ildephonse kanipa ng'ombe!" Jirani akagonga ukuta. Wakacheka mpaka machozi, na katikati ya kucheka Ildephonse akaona kwamba machozi yake hayakuwa ya kicheko peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aikanyage Durban kujiona ni mtu, si karatasi.

Wa pili alikuwa Ruphin, Mkongo wa Uvira, kinyozi. Wa tatu Audace, Mrundi mwingine. Mwaka uliofuata wengine wanne. Aliwagawia, na kila alipogawa alirefuka.

Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda kama alivyopanga. Majike wakakomaa. Salvator akarudisha mtamba wake wa kwanza, katika foronya ya maua, na kreti ya Fanta badala ya pombe ya mtama. Ruphin naye akarudisha. Ildephonse akauza wachache, elfu tano, elfu nne, na kila mwaka alisema mwaka ujao. Alikuwa bado anangoja wale watano.

Hakuwa amefikiria kwamba Salvator naye alikuwa na marafiki. Ruphin naye, ndugu zake wa Uvira hawahesabiki. Kila aliyepewa alimpa mwingine, kwa heshima zote na Fanta, kama desturi inavyotaka. Tofauti ni kwamba ng'ombe huzaa ndama mmoja, na ng'ombe hata akizaa sana, watu wananywa maziwa. Chatu anataga mayai saba, na hakuna anayemnywa. Katika makundi ya WhatsApp ya wafugaji, picha za njano zikaanza kufuatana. Elfu tatu. Elfu mbili. Bei inazungumzika. Nichukulie wawili, wa tatu bure.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Ildephonse alikuwa na watoto tisa wa njano, na kulikuwa na maonyesho ya wafuga nyoka katika ukumbi mmoja Westville, Jumamosi. Alipiga hesabu kwamba akiuza tisa kwa elfu na mia mbili tu kila mmoja, ng'ombe mmoja atapatikana, na abaki na Gaju na wenzake. Wale ng'ombe watano alikuwa amekwisha kuwasamehe. Wenye kwenda kule huenda na magari. Yeye na Aurélie walishuka taxi, basi dogo la abiria, kwenye robot, yaani taa za barabarani, wakapanda kilima kwa miguu wamebeba sanduku la kuwekea vinywaji baridi, ndani yake chupa za maji ya moto ili watoto wasipate baridi.

Akapanga meza yake, akaandika bei kwa kalamu nene. Kisha akazunguka ukumbi kusalimia. Meza ya kwanza ilikuwa na njano. Ya pili njano. Alipofika meza ya saba aliacha kutazama rangi, akawa anatazama shingo. Uzao wa Gaju ulikuwa na alama yake, mistari miwili nyuma ya kichwa, mmoja mzima na mmoja uliokatika katikati. Kila meza mistari ile ilikuwepo. Kwa Wahindi wa Chatsworth ilikuwepo, kwa Makaburu wawili waliotoka Pinetown ilikuwepo, kwa msichana mmoja wa chuo aliyekuwa akiuza nyoka mmoja tu ilikuwepo.

Moyo wake ukapasuka pande mbili. Hawa wote walikuwa wake! Kundi lake, alilolitoa katika droo sita, limejaa ukumbi mzima kutoka mlango hadi mlango. Lau wangekuwa ng'ombe, pale angekuwa mtu wa kupishwa njia, wazee wangesimama, baba yake angeletwa kwa machela aone. Lakini hawakuwa ng'ombe. Kadiri walivyokuwa wengi ndivyo kila mmoja alivyokuwa si kitu, na yeye ndiye aliyekuwa amewafanya wawe wengi.

Akarudi mezani. Jirani zake walikuwa Salvator upande huu na Ruphin upande ule.

"Salvator, weye unauza ngapi?"

"Four hundred, mukubwa."

"Four hundred! Miye nimeandika twelve hundred!"

"Umeiandika, ndiyo. Lakini iko mtu ameilipa?"

Ildephonse akaitazama ile bei yake. Tangu asubuhi alikuwa ameuza sifuri. Ruphin akadakia, kwa sauti ya kumbembeleza, akimwita "mzee" kwa Kifaransa.

"Vieux, usitukasirikie. Soko iko vile iko. Mi nikikataa four hundred, ule wa pale ku mlango atapana three fifty. Na ule wa ku mlango, jike yake ni mimi nilimupa."

"Na wewe nilikupa miye."

"Vraiment, ni kweli. Na tunakushukuru, vieux. Kila siku tunakushukuru."

Utamkasirikiaje mtu anayekushukuru? Ildephonse alitafuta hasira, akaikosa, akakaa chini. Aurélie akachukua kalamu, akafuta ile bei bila kumuuliza, akaandika mia nne. Mpaka saa tisa walikuwa wameuza wawili. Mzungu mmoja kijana alisimama, akatazama kwa hisani, akauliza kama hawana kitu cha nadra kidogo, kwa sababu hii ya njano hata mdogo wake anayo.

Mwishoni akaja bwana mmoja wa Chatsworth mwenye duka la wanyama, mtu wa makamo, mpole wa mikono. Aliwashika watoto vizuri, akawapapasa uti wa mgongo, akawarudisha. Akasema kwa Kiingereza cha haraka kwamba watoto hawahitaji, amejaa watoto. Anawataka wakubwa. Duka lake linapeleka Johannesburg majike waliokomaa, waliothibitika kutaga. Kama anko atampa wote, na dume, na rafu, na vipasha joto vyake, atalipa sasa hivi bei ya haki. Akaitaja. Ilikuwa bei ya haki kweli, kwa soko la siku ile. Ilitosha ng'ombe mmoja na gharama ya kumfikisha kilimani.

Ildephonse akasema hapana, kwa adabu, akapokea kadi yake.

Aurélie alingoja mpaka wakawa ndani ya taxi. "Ulikuwa unataka ng'ombe," akasema. "Ng'ombe alikuja, ukamufukuza."

"Nikimpa Gaju, nitabaki na nini?"

"Utabaki na mimi, mwenye sina pembe."

Alisema kwa mzaha, lakini hakumtazama, naye Ildephonse akatazama dirishani njia nzima. Hakuweza kumweleza kwamba ile rafu ndiyo zizi lake. Asubuhi akifungua zile droo, kwa dakika kumi, si mkimbizi wa ghorofa ya tisa. Ni mtoto wa Nahimana, ametoka kutazama ng'ombe.

Jumanne, akiwa ameinamia simu ya mteja, yake ikalia. Ilikuwa Rutovu, binamu yake Bertrand.

"Mzee hatoki tena," Bertrand alisema. "Miguu imekataa. Ameomba kiti chake tukiweke dirishani."

"Apate jua?"

"Jua halifiki pale. Anatazama zizi."

Ildephonse aliweka bisibisi chini. Akaliona lile zizi, magugu, mlango wa miti uliolala upande, na baba yake akilitazama kutwa nzima kama mtu anayengoja wageni waliokwisha kuchelewa. Miaka saba alikuwa na ng'ombe yule mkononi, na kila mwaka alisema mwaka ujao. Akatoa kadi mfukoni.

Bwana wa Chatsworth alikuja Alhamisi mchana na pikapu. Ildephonse alimwomba dakika kumi. Akavuta droo moja moja, akawasifu kwa mara ya mwisho, kwa sauti ndogo kwa sababu ya mgeni, na alipofika kwa Gaju hakufupisha hata mstari. Yule bwana hakuelewa neno, lakini alisimama mlangoni ametulia, kofia mkononi. Kisha Gaju akaingia katika foronya, mzito, wa joto, akajiviringa humo kama desturi yake.

"Jina lake Gaju," Ildephonse alimwambia.

"Gadju."

"Gaju."

"Gaju," yule bwana akasema, sawasawa safari hii, na akaandika kwenye kifuniko cha sanduku.

Pesa zikapita kwa watu wanaopitisha pesa, Bertrand akaenda mnadani. Baada ya siku tisa ikafika picha: ng'ombe wa kahawia iliyoiva, mwenye mimba, pembe ndefu zilizofunguka vizuri, amesimama katika zizi lililong'olewa magugu, na nyuma yake, dirishani, kichwa cha mzee kimevaa kofia. Ildephonse aliitazama picha ile mpaka simu ikazima, akaiwasha tena. Alimwonyesha Aurélie, aliwaonyesha wateja, alimwonyesha Ruphin, ambaye alisema kwa moyo mweupe kwamba huyo sasa ndiye nyoka.

Chumbani palibaki alama nne za miguu ya rafu katika zulia. Asubuhi aliamka saa ile ile, akasimama pale pale, hakuwa na la kufanya. Aurélie, ambaye hakuwahi kumgusa nyoka hata mmoja, alikuwa akilia akiosha vyombo na kudai ni vitunguu. Siku moja Ildephonse akajaribu kumsifu yeye. Alianza vizuri na shingo, akakwama kwenye mstari wa pili. Wakacheka, halafu kila mmoja akarudi kwenye lake.

Aliacha Jumapili mbili zipite ili ng'ombe apazoee. Ya tatu, baada ya kanisa, akakaa kitandani na kupiga. Alikuwa amejitayarisha kama mtu anayekwenda harusini. Waliongea Kirundi, kama siku zote.

"Baba, sogeza simu dirishani. Nataka nimsikie."

"Nani?"

"Ng'ombe."

Kuku wa Bertrand walisikika.

"Hayupo," mzee akasema.

Ildephonse akashika ukingo wa kitanda. "Amekufa?"

"Ng'ombe mzima kama yule afe kwa nini? Alilala hapa siku nne. Nilimsikia akicheua, nikapata usingizi ambao sikuupata tangu mama yako alipokuwa hai. Siku ya tano nikampa mtu."

"Umempa mtu?"

"Yule mjane wa ng'ambo ya kijito. Ana wajukuu watatu, hawana maziwa."

Katika maisha yake yote Ildephonse hakuwahi kumpandishia baba yake sauti. Siku ile ilipanda yenyewe. "Baba! Yule ng'ombe nimemlipia kwa kila kitu nilichokuwa nacho! Sina kingine! Nimemtoa Gaju!"

"Najua. Bertrand ameniambia." Mzee akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamchelewesha. "Ameniambia unafuga majoka ndani ya nyumba. Wewe, na mke yumo! Na kwamba majoka hayo ulikuwa ukiwapa watu kama mitamba, wakapiga na kelele za kushukuru. Nikamwuliza Bertrand, unanitania? Akasema hapana. Basi nikasema, huyo ni wangu."

"Yaliniharibia soko, Baba. Niliwapa watu, wakaniharibia soko."

"Nimesikia hilo pia."

Ildephonse aliibana simu sikioni. Alikuwa analia, na hakujali kama inasikika.

"Sasa nisikilize," mzee akasema. "Sikumpa kwa jina langu. Jina langu mimi limebakiza miezi mingapi? Nilimpa kwa jina lako, mbele ya watu. Walinibeba na kiti hiki mpaka kijitoni, nikasema, huyu ng'ombe ni wa Ildephonse. Mjane amekubali, kilima kizima kimesikia. Mtamba wa kwanza anarudi kwa Ildephonse. Na wewe unajua, mtamba hapelekwi kwenye zizi lisilo na mtu. Mwenyewe husimama langoni akampokea. Mimi siwezi kusimama. Nani atampokea?"

Ildephonse alifuta uso kwa mkono. Aliona karatasi zake katika bahasha juu ya kabati, miaka kumi na tisa ya foleni na mihuri, ambazo siku atakayovuka mpaka zitakuwa karatasi za kufungia karanga. Aliona pia lango lile la miti.

"Ana mimba ya miezi mingapi?"

"Mitano."

"Na akizaa dume?"

"Basi utangoja hapa hapa mpaka azae jike."

Kila Jumapili, kwa miaka kumi na tisa, Ildephonse alikuwa akimaliza simu kwa kusema "nitakuja, Baba," kwa wepesi ule ule ambao watu huagania, na kila Jumapili mzee alijibu "haya, mwanangu," na hakuna kati yao aliyeliamini neno hilo hata kidogo. Safari hii alifungua mdomo alitamke, likakataa kutoka. Alijaribu tena. Ilisikika pumzi tu, na mlio wa kitanda, na Aurélie aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi, akimtazama.

Upande wa pili mzee alingoja, akaisikiliza pumzi ile mpaka ikatosha.

"Vema," akasema. "Leo nimekuamini."

Kisha akamrudishia Bertrand simu yake.